Nimeuza gari langu la mbio

Jumamosi nilimkabidhi kijana wa Arusha kadi na funguo za Subaru Impreza yangu. Nililia. Mke wangu aliona, na vijana wanaoosha magari yadini nao waliona.

Nauza magari hapa Majengo, Moshi, mwaka wa kumi na nne huu. Yadi inabeba magari kumi na moja ukiyabananisha, IST na Noah nyingi. Msimu wetu ni Desemba, watu wanapopanda nyumbani Krismasi. Safari hii magari matatu yalifika bandarini dola ikiwa imeshanipanda kichwani. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari lililozidi miaka kumi lina ushuru wake wa uchakavu juu. Kila siku likilala bandarini, gharama inahesabiwa. Ilikuwa nikakope au niuze Subaru.

Sikuwahi kuwa bingwa. Ila kazi hii nimefundishwa na mbio. Mara yangu ya kwanza kushindana, vumbi la aliyenitangulia likiwa bado linaning'inia, niliingia na gari kwenye miwa, kusini ya mji. Binamu yangu, ndiye anayekaa pembeni akinisomea noti za kona zilizo mbele, alikuwa ameshasema mara mbili: "Kushoto mbili, inakaza, usikate." Yaani kona ya kushoto, mbili ndio ukali wake, inazidi kujikunja, nisiipitie kwa ndani. Nilimsikia, nikakata. Gari lilibiringika, tukaokolewa na mikanda na yale mabomba ya ndani.

Tangu hapo nasikiliza. Mteja akija simzungushi kwenye lami. Nampandisha barabara ya mawe kuelekea Uru, redio nimezima, vioo nimeshusha. Shokamzoba iliyochoka itasema yenyewe, boljointi nayo itagonga. Mwaka jana mama mmoja alikuja na hela ya kikoba akitaka Noah. Hatujafika mbali nikasikia gia boksi inavuta kwa kusita. Nikamwambia, "Mama, hili sikuuzii. Nipe wiki mbili nikutafutie lingine." Dalali aliyemleta alinuna, maana cha juu chake kiliota mbawa. Yule mama ameshaniletea wateja watatu.

Baba yangu aliendesha Peugeot 404, na jina la Bert Shankland halikumtoka mdomoni: Mskoti aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, akashinda Safari Rally 1966, akarudia 1967, kwa 404 hiyohiyo. Lakini mwaka aliopenda kuusimulia ni 1968. Mvua, tope, magari zaidi ya 90 yakaanza, yakamaliza 7. Kisha anatuuliza sisi watoto: "Hayo saba yalifanya nini?" Hakuwahi kutupa jibu. Nimelitafuta mwenyewe, miaka yote hii.

Yule kijana alilala chini ya gari nusu saa na tochi ya simu. Alipotoka nikamwambia mambo yote: limepinduka mara moja, mlango wa kushoto ni wa gari lingine, na gia ya pili inagoma injini ikiwa ya baridi. "Usiilazimishe, mdogo wangu. Ihesabie mbili, itaingia."

Aliondoka saa kumi na mbili asubuhi, baridi. Nilisimama getini hadi alipofika kwenye mzunguko. Nikasikia anaachia mafuta, kimya kidogo, moja, mbili, halafu gia ikaingia.