Nimemwambia samaki "pole mama"

Jamani, bado niko huku mtoni, suruali imelowa hadi magotini na sijali.

Samaki wanaoitwa samoni wa Pasifiki wamepanda mto kutoka baharini. Hawa huzaliwa mtoni, hushuka baharini wakiwa wadogo, wanakulia huko, kisha hurudi kutaga kwenye mto uleule. Wakikaribia nyumbani wanafuata harufu ya maji yake. Na wakishaingia mtoni hawali tena!

Mimi macho yangu yalinasa kwa jike mmoja.

Anachimba shimo la kutagia: analala ubavu, anapiga mkia chini, kokoto zinaruka, maji yanazibeba. Anapumzika. Anarudia.

Nikainama.
Ule mkia umelika kingo zote, ngozi imetoka, umebaki mweupe pe.

Dume yuko pembeni, taya limepinda kama ndoano, kazi kufukuza wenzake tu. (Haya, naye ana majeraha yake.)

Jike akishataga atayafukia mayai kwa kokoto, atalinda kwa siku chache, kisha afe. Watoto hatawaona.

Hapo ndipo nikasema "pole mama". Kwa sauti. Watu wakageuka 😅

Nani kashawaona wakiruka maporomoko? Nitupieni picha hapa chini.