Mizani ya Mkristo mwenye duka la nafaka

Muuza nafaka Mkristo haanzi kupunja kwa sababu ameikana imani. Mara nyingi anaanza kwa sababu kuna hasara ambayo hakuiingiza kwenye hesabu, na mizani iko karibu.

Chukua mahindi. Umenunua gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 16. Yakikauka stoo hadi asilimia 13.5, unabaki na kilo 97 na ushee. Toa vumbi, chenga na zinazomwagika wakati wa kupima, zinabaki 96. Hakuna mwizi hapo, lakini kilo nne hazipo. Ukipunja gramu 40 kwenye kila kilo, daftari litakaa sawa, na hakuna atakayegundua. Njia halali ni kugawa gharama kwa kilo 96 badala ya 100: gunia lililokufikia kwa sh 96,000 limekugharimu sh 1,000 kwa kilo, wala si sh 960. Faida iwekwe juu ya hiyo elfu moja. Hasara ni ile ile, ila sasa imekaa kwenye bei, mteja anaiona, na asipoipenda anavuka kwenda kwa jirani. Mithali 11:1 inaita mizani ya hadaa chukizo kwa Bwana. Haikukutaka uuze kwa bei ya hasara.

Mizani nayo hudanganya bila kufundishwa. Springi ya mizani ya saa ikichoka, huvutika kupita kiasi na kusoma zaidi ya uzito uliopo. Unga ukigandia chini ya sahani, mteja ananunua uchafu wako. Kila asubuhi hakikisha mshale uko kwenye sifuri sahani ikiwa tupu, kisha weka jiwe lililohakikiwa, la kilo 1 halafu la kilo 5. Kama ni mizani ya jukwaa, jaribu katikati na kwenye kona zote nne. Stika ya Wakala wa Vipimo ni ya mwaka. Springi haina kalenda.

Lakini dukani ndiko kwepesi. Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kuwa na mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo, na jiwe kubwa la siku hizi liko shambani: lumbesa. Sheria ya Tanzania imeweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia la mazao, lakini mnunuzi analijaza, anaongezea kilemba juu, anashona kwa kamba, na kumlipa mkulima gunia moja. Mtu huyo huyo akirudi mjini anauza kwa kilo. Nenda na mizani ya kuning'iniza na ulipe kwa kilo. Jiandae kukataliwa, maana sh 90,000 za lumbesa zinaonekana nono kuliko sh 75,000 zako kwa kilo 100. Basi piga hesabu mbele ya mkulima: lumbesa ya kilo 130 inampa kama sh 692 kwa kilo, wewe unampa 750.

Halafu kuna kijana wa dukani. Bosi anayemkabidhi gunia na kudai fedha za kilo 100 kamili amemwagiza apunje, hata kama kila asubuhi wanasali pamoja kabla ya kufungua. Mpe posho ya upungufu iliyoandikwa, kilo tatu au nne kwa gunia kadiri ya ukavu wa mzigo, na mpime stoo pamoja kila mwisho wa wiki.

Na kwa aliyekwisha kupunja, Walawi 6:5 inataka kilichochukuliwa kirudi chote pamoja na sehemu ya tano. Mkulima aliyechukuliwa kilo 20 za ziada bila malipo alipwe kilo 24, akabidhiwe mwenyewe na aambiwe ni za nini. Wateja wasiojulikana huwezi kuwafuata. Thamani ya walichopunjwa iende kwa wahitaji, na isihesabiwe kwenye fungu lako la kumi.