Jipsofila ya msimu mmoja: sia kidogo kidogo, sia tena na tena

Lalamiko kubwa kuhusu jipsofila ya msimu mmoja ni kwamba huchanua ikapendeza, na hata hujashiba kuitazama, imekwisha. Ni kweli. Tangu mbegu iingie udongoni hadi ua la kwanza ni wiki saba au nane hivi, na maua yenyewe hudumu wiki tatu, au nne hali ya hewa ikiwa ya ubaridi. Hakuna mbolea wala maji ya kurefusha muda huo. Dawa yake ni kusia upya kila baada ya wiki mbili au tatu, kipande kidogo kidogo cha tuta, ili kundi moja likinyauka lingine liwe linafungua.

Tusichanganye mimea. Ile ya vijiua vidogo sana inayofungwa pamoja na mawaridi kwa kawaida ni Gypsophila paniculata, mmea wa kudumu wenye mzizi mnene. Ninayoisema hapa ni Gypsophila elegans, yenye asili ya Kaukazi na nchi za jirani. Hufika sentimita 30 hadi 50, vijitawi vyake ni vyembamba kama uzi, na ua lake la petali tano ni kubwa kuliko la ile ya kudumu. Kwa weupe safi, aina iitwayo Covent Garden haijapitwa.

Jina lenyewe linakupa habari ya udongo: kwa Kigiriki ni "mpenda jasi". Inataka udongo wenye chokaa, unaopitisha maji haraka, pH (kipimo cha tindikali) kati ya 7 na 7.5. Kama udongo wako una tindikali, changanya chokaa ya kilimo gramu 100 hadi 150 kwa mita ya mraba, wiki tatu au nne kabla ya kusia. Usiiweke siku moja na samadi, maana vikikutana naitrojeni ya samadi hupotea hewani. Na samadi yenyewe mmea huu hauihitaji sana. Ukiulisha naitrojeni nyingi utapata majani mengi, mashina laini, na mvua ya kwanza italaza tuta zima. Mboji kidogo iliyooza vizuri inatosha.

Sia palepale mmea utakapokaa. Mzizi mkuu huchimba chini mapema, na ukikatika wakati wa kuhamisha, mche hudumaa na kuchanua ukiwa mfupi. Lainisha udongo kwa reki, chora mifereji ya kina cha milimita 3 tu, iachane sentimita 20. Mbegu ni ndogo, hivyo changanya sehemu moja ya mbegu na nne za mchanga mkavu, ndipo uinyunyize. Funika kwa udongo mwepesi, mwagilia kwa matone madogo. Kwenye joto la nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi huota ndani ya siku 7 hadi 14. Ukizifukia sana, usishangae kuona mistari mitupu.

Miche ikifika sentimita 5, ipunguze, ibaki sentimita 10 kati ya mche na mche mstarini kama unataka maua ya kukata, au 15 hadi 20 kama ni ya kutazamwa bustanini. Watu huona huruma kung'oa miche mizima, lakini hapo ndipo ugonjwa wa kinyausi huanzia: miche imesongamana, udongo haukauki, shina linaoza usawa wa ardhi na mche unalala. Mwagilia asubuhi, acha udongo ukauke juu kabla ya kurudia. Mmea uliokomaa huvumilia kiu kuliko mizizi iliyolowa.

Mashina yakiwa bado mafupi, sentimita 15 hivi, chomeka vijiti vyenye matawi katikati ya mimea au tandaza wavu wenye matundu ya sentimita 15, ili yapenye na kujishikilia. Ukingoja yaanguke kwanza umechelewa, kwani yakiinuliwa hukatika. Kagua pia ncha changa kwa vidukari. Wakiwa wachache, maji yenye msukumo kiasi huwaondoa.

Maua ya kuweka ndani ya nyumba yakate asubuhi na mapema, nusu ya vijiua vya tawi vikiwa vimefunguka. Vyote vikiwa bado vimefumba, vingi havitafunguka tena chomboni. Ondoa majani yatakayozama, badilisha maji kila siku mbili, na usiweke chombo karibu na matunda yaliyoiva, kwa sababu gesi ya ethilini yanayotoa huyanyausha maua haya upesi. Tegemea siku tano hadi saba.

Acha mimea michache ya mkupuo ulio bora itoe mbegu. Vifuko vikigeuka rangi ya majani makavu na kuanza kufunguka nchani, inamisha tawi ndani ya mfuko wa karatasi ulitikise. Mbegu nyingine zitadondoka na kuota zenyewe, kwa hiyo unapopalilia tazama vizuri: miche yenye majani membamba ya kijani-kijivu, yaliyokaa mawili mawili yakitazamana, si magugu.