Chai kwa Madame, Croix-Rousse

Kaka aliniamsha kabla ya saa mbili asubuhi. Alikuwa ametoka kazini saa kumi na mbili, kazi ya kusafisha maofisi usiku kucha, akaoga, na badala ya kulala akasimama mlangoni na koti mkononi. "Vaa, mdogo wangu. Leo tunakwenda kunywa chai kwa Madame."

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba 2016, mjini Lyon. Nilikuwa nimekuja Geneva kwa semina ya wiki moja, na ilipokwisha nikapanda treni, mwendo wa kama saa mbili, kwenda kumwona. Tulikuwa hatujaonana miaka tisa. Katikati ya miaka hiyo baba alifariki, na kaka hakuja kuzika. Sababu niliijua: karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka, na angevuka mpaka asingerudi. Niliijua, lakini haikunipoza. Mimi ndiye niliyetangulia kutia udongo kaburini, mahali pake, yeye aliye mkubwa. Tangu siku hiyo simu zangu kwake zilikuwa za salamu tu.

Tulipanda treni ya chini ya ardhi, ile njia ya C inayokwea mlima kwa reli ya meno, tukashukia Croix-Rousse. Wenyeji wa Lyon wana vilima viwili. Fourvière, chenye basilika, wanakiita kilima kinachosali. Croix-Rousse ni kilima kinachofanya kazi. Hapa ndipo walipoishi wafumaji wa hariri, na nyumba zao bado zipo, ndefu, zenye dari ya kama mita nne, kwa sababu mitambo ya Jacquard ya kufumia ilikuwa mirefu na ilikaa humohumo wanamolala watu.

Bistro la Madame, mgahawa mdogo wa mtaani, lilikuwa na meza zisizozidi kumi, vitambaa vya drafti nyekundu na nyeupe, na vioo vilivyokuwa na ukungu wa jikoni. Kaka alinishika mkono mlangoni. "Usikae kabla hujasalimu." Akatoa bonjour ya watu wote, kisha akapita akishikana mikono na wazee wawili pale kaunta. Nilishangaa jinsi jambo lile lilivyokuwa la kwetu. Ukiingia kibarazani kwa mtu na kuagiza kabla ya kusalimu, utahudumiwa, lakini umeshaandikwa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kahawa na croissant. Ndicho kifungua kinywa cha Kifaransa nilichokijua, na kaka alicheka niliposema hivyo. Pale Jumamosi watu huja kwa kinachoitwa mâchon, mlo wa asubuhi wa Lyon, na mlo huo hauna haraka wala haya. Madame alianza na dengu za baridi zilizochanganywa na vitunguu na siki. Ikafuata bakuli ya jibini laini jeupe lenye majani mabichi na kitunguu saumu, ambayo jina lake ni ubongo wa mfuma hariri. (Hakuna ubongo wowote ndani.) Mkate ulikuja kikapuni na kila ulipokwisha ulirudi bila kuombwa. Wazee wa kaunta walikuwa na chupa yao ya divai ya Beaujolais, ile chupa ya Lyon ya sentilita 46 yenye kitako kinene. Kaka alichukua glasi moja, akaishika muda mrefu kuliko alivyoinywa. Mimi nilibaki na kahawa.

Halafu kikaja kile alichonipelekea. Kwenye sahani palikuwa na kipande kipana, cha rangi ya dhahabu, kimekaangwa na unga wa mkate. Wanakiita aproni ya sapa, kwa kufananishwa na aproni za ngozi za askari wahandisi wa zamani. Nikakata, nikatia mdomoni, nikamtazama kaka.

"Utumbo?"

"Utumbo," akasema.

Wanauchemsha mpaka ulainike, wanaulaza kwenye divai nyeupe, wanauchovya kwenye yai na unga wa mkate ndipo wanaukaanga. Lakini chini ya yote hayo ladha ilikuwa ileile. Baba alikuwa kuli sokoni Kariakoo. Aliondoka nyumbani saa nane za usiku kushusha malori, na sisi wawili, siku ambazo hakuna shule, tulimfuata kulipokucha. Tulimkuta kwa mama ntilie, bakuli ya supu mbele yake, vipande vya taulo vikielea, ndimu na pilipili pembeni. Baba hakuwa mtu wa kukaa. Nyumbani alikula amesimama, akatoka. Pale kwenye benchi la supu tu ndipo alipokaa kama mtu ambaye dunia haimdai, akatukatia chapati yake vipande vitatu, akatuuliza habari za darasani na kungoja majibu yetu mpaka mwisho.

Kaka alinieleza kuwa wafumaji nao walianza kazi mapema mno, na huu ndio ulikuwa mlo wao wakishachoka, wakati mji ndio kwanza unaamka. Walilipwa kwa kipimo cha kitambaa walichofuma. Novemba 1831 waliposhuka mjini kudai bei wanayostahili, walibeba bendera nyeusi iliyoandikwa kwamba wataishi kwa kufanya kazi au watakufa wakipigana. "Kama kulipwa kwa gunia," kaka akasema. "Na gunia lenyewe lumbesa." Nilielewa basi kwa nini, katika mji wote ule, alikuwa amechagua kukaa hapa.

Wazee wakaondoka, wengine wakaingia. Hakuna aliyetuletea bili wala kutuondolea sahani ili tunyanyuke. Ilipata saa tano. Kaka alikuwa hajalala tangu jana yake, macho mekundu, na hakuonyesha dalili ya kuinuka. Akaipangusa sahani kwa mkate, taratibu, mpaka ikang'aa, kisha akasema bila kuniangalia:

"Kuli wenzake walikuja?"

Nilikuwa nimebeba maneno makali kutoka Dar hadi Geneva na kutoka Geneva hadi pale. Sikuyaona tena. Nikamwambia walikuja. Walikuja mpaka Mgeta, kule milimani Morogoro tulikomzika, na Fuso lilelile linaloteremsha kabichi kwenda Kariakoo, wamesimama nyuma njia nzima. Gari lilipokwama kwenye utelezi waliteremka wakabeba jeneza wenyewe kupanda mlima, wakipokezana mabegani kama wanavyopokezana gunia, na mmoja wao akihesabu hatua kwa sauti ile ya sokoni. Asubuhi iliyofuata walichinja, wakapika supu, wakala wamekaa chini nje ya nyumba ya bibi. Bakuli moja waliiacha imejaa bila kuguswa.

"Ya baba," kaka akasema.

"Ya kwako. Walisema ni ya mkubwa aliye mbali."

Akafunika uso kwa kitambaa cha mezani. Madame alipita, akaona, akaweka mkono begani kwake kidogo, akaenda. Aliporudi alikuwa na kahawa mbili na kikapu kingine cha mkate. Kaka akajifuta uso, akaukata mkate, akanisogezea kipande, akavuta kiti chake karibu na meza.

"Haya," akasema. "Anza tena mwanzo. Dar mliondoka saa ngapi?"