Mbwa wa mtaroni

Leo asubuhi nikienda steji pale Kawangware nikasikia kitu kinalia ndani ya mtaro, kuchungulia ni mbwa koko, kamba ya nailoni imemkaza shingo mpaka imeingia kwa nyama.

Watu wanapita tu.

Mama mboga akanipa kisu chake cha kukatia sukuma, jamaa wa boda akaleta gunia, tukamtoa polepole.

Kamba ilipokatika akanilamba mkono. Ule ule ulioshika kisu jameni.

Sasa niko kwa daktari wa mifugo nangoja, na ule ulimi bado nausikia.

Shida ni mamangu ana kisukari, anajidunga insulini kila siku, na insulini iligunduliwa Toronto mwaka wa 1921 kwa kufanyia mbwa majaribio, wakatolewa kongosho, wengi wakafa. Bila hao mbwa pengine singekuwa na mama. Na bado siwezi kusema ilikuwa sawa, nani aliwauliza?

Wewe unaonaje? Niambie ukweli tu, sikasiriki.

Na kama una blanketi kuukuu kwako nitakuja kuchukua leo jioni, huyu analala kwangu (landlord asijue 😅).