Jaruba la Pili

Majirani wa jengo letu, mashariki mwa London, nadhani waliamini tuna mtoto mzito kupita kiasi. Kila Jumamosi asubuhi waliniona nasukuma kigari kilichofunikwa blanketi, nakwenda nacho polepole kwenye kona, nakiinua kwa mikono miwili kupanda ngazi za mlangoni. Chini ya blanketi hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na madumu mawili ya lita 10, na blanketi lilikuwa la kuyakinga maji yasifike nyumbani yamekuwa barafu. Mwanangu mwenyewe alikuwa ghorofa ya pili, amelala, na mama yake alikwishasema lake: "Kigari hicho kikivunjika tairi, utambeba mgongoni mpaka aanze shule."

Ilikuwa majira ya baridi, mwanzoni mwa 2014. Nilikuwa nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mchana, badala ya kulala, nilikuwa nafuga kipande cha bahari sebuleni.

Nimezaliwa Bagamoyo, lakini nisingoje mtu aniulize: sikuwahi kuona tumbawe likiwa hai mpaka nilipofika Uingereza. Kwetu bahari ilikuwa barabara na jiko. Ilileta samaki, ilipeleka watu Unguja, na ikitoa harufu mbaya ulijua maji yamekupwa. Kuingiza kichwa ndani na kutazama kulikuwa kazi ya wazungu wenye miwani. Matumbawe niliyoyajua mimi yalikuwa ukutani, yamekauka, kwenye majumba ya zamani ya mjini na kwenye magofu ya Kaole. Basi siku moja nimekaa kwa daktari wa meno, shavu moja limekufa ganzi kwa sindano, nikaona kwenye tangi la kioo kitu kama ua kikifumba na kufumbua chenyewe. Nikamwuliza dada wa mapokezi ni mashine gani ile. Akasema si mashine, ni mnyama, ni tumbawe. Jino liling'olewa, mimi mawazo yako sebuleni kwao.

Tangi nilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, la lita 120, na taa yake, pampu mbili na hita. Mawe nilinunua dukani kwa kilo. Haya huitwa mawe hai, yametoka baharini, na uhai wake hasa ni bakteria waliojificha kwenye vitundu. Kazi yao ni moja na bila wao hakuna kinachoishi: kinyesi na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia, ambayo ni sumu, bakteria wa kwanza wanaigeuza kuwa nitraiti, nayo ni sumu, wengine wanaigeuza hiyo kuwa nitreti, ambayo kidogo yake haina madhara makubwa. Lakini hawa bakteria lazima waongezeke kwanza, na ili waongezeke lazima wale. Ndipo nikanunua kamba mmoja mbichi nikamtumbukiza.

"Umenunua kamba," mke wangu aliuliza, "ili aoze?"

"Ndiyo."

"Na sisi tunakula dagaa."

Kamba alioza wiki nzima. Kila jioni kabla ya kwenda kazini nilichukua maji kidogo kwenye kichupa, nikadondosha dawa, nikasubiri rangi. Amonia ilitoka njano ikawa kijani cha kutisha, ikakaa hapo, kisha ikaanza kurudi njano. Nitraiti ikapanda zambarau. Wiki tano zilipita natazama mawe na maji. Mawe yakaota utandu wa kahawia kama kutu, ukaondoka wenyewe, na siku vipimo vyote viwili viliposema hakuna kitu nilimwamsha mke wangu kumwonyesha kichupa cha maji ya njano. Sitarudia alichosema.

Wakaingia konokono sita wa kusafisha mwani. Wakaingia samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda mitatu myeupe, wale ambao siku hizi hata mtoto asiyejua kusoma anawajua. Tukawaita Kulwa na Doto, ingawa si pacha: hawa wote huzaliwa madume, na anayewazidi wenzake ukubwa ndiye hugeuka jike. Mwisho nikaleta kile nilichokiona kwa daktari wa meno. Jina lake ni zenia. Kipande chenyewe kilikuwa kama kidole gumba, kimegandishwa kwenye kijiwe. Shina lake laini lilikuwa na rangi ya maziwa, na juu kulikuwa na vichwa kumi na kitu, kila kichwa na mikono minane iliyochanuka kama unyoya. Vichwa hivyo vinafumba na kufumbua mchana kutwa, kila kimoja kwa mwendo wake, kama watoto wa chekechea walioambiwa wapige makofi pamoja wakashindwa. Nilikuwa natoka kazini saa mbili asubuhi, navua koti, nakaa sakafuni, naangalia makofi yale mpaka usingizi unikute hapo hapo.

Kisha nikaondoa kifuniko cha kioo, ili mwanga ushuke vizuri na maji yapate hewa. Matatizo yalianzia hapo, ila wakati huo sikuyaunganisha.

Wiki ya pili, makofi yalipungua. Wiki ya tatu zenia ilisinyaa, mikono imejikunja, haifumbui. Konokono wawili walianguka kutoka kwenye kioo wakalala chali. Nikapima amonia: hakuna. Nitraiti: hakuna. Joto: 25. Chumvi nilikuwa naipima kwa haidromita ya plastiki, kijisanduku chenye mkono unaoelea ndani, na mkono ulisimama pale pale panapotakiwa, 1.025. Nikailaumu taa. Nikawalaumu konokono. Nikamlaumu jirani wa chini aliyekuwa akipaka rangi nyumba yake.

Katikati ya hayo baba akaja. Alikuja kumwona mjukuu, na alikuja mwezi wa pili kwa sababu ndio tiketi zilikuwa nafuu, hakuna aliyemwambia baridi ya mwezi wa pili ni kitu gani. Alivaa sweta mbili ndani ya nyumba na kofia yake ya kiua juu. Baada ya shikamoo na marahaba na kumbeba mtoto, akasimama mbele ya tangi.

"Mawe haya umeyatoa wapi?"

"Nimenunua, baba."

"Kwa ngapi?"

Nikamtajia. Akageuza pauni kuwa shilingi kichwani, nikaona midomo ikihesabu.

"Babu yako amejengea choo mawe haya," akasema, akaenda kukaa.

Siku tatu hakuligusa jambo hilo tena. Nikamwonyesha zenia, nikamweleza inavyopaswa kuwa. Akaitazama ilivyosinyaa na kupauka, akasema tu kwamba mwaka ule wa El Niño, 1998, wavuvi waliokuwa wakizamia walirudi wakisimulia kwamba miamba chini imekuwa myeupe kama imepakwa chokaa. "Walisema maji yamechemka." Hilo la joto nilikuwa nimeshalipima, nikamwambia yangu hayajachemka.

Asubuhi ya nne narudi kutoka kazini namkuta kwenye kiti mbele ya tangi, kikombe cha kahawa mkononi, amekwisha swali zamani. Hata sijavua viatu, akachovya kidole cha shahada kwenye maji, akaramba.

"Baba! Usionje hayo, yana..."

"Yana nini? Mavi ya samaki? Na baharini wanakunya wapi?" Akaonja tena, safari hii akayasugua na kidole gumba, kama mtu anayepima unga. "Hii si bahari. Hii ni jaruba la pili."

Ni lazima niseme hapa kwamba baba amefanya kazi miaka zaidi ya ishirini Nunge, kwenye mashamba ya chumvi, kabla miguu haijamkataa. Pale maji huingizwa wakati wa bamvua kwenye jaruba la kwanza, yanakaa, jua linayapunguza. Yakishakuwa mazito kiasi fulani yanafunguliwa kwenda la pili, kisha la tatu, mpaka yanafika kwenye majaruba ya mwisho ambako chumvi inaganda na watu wanaikusanya. Mimi nilikuwa nampelekea chakula huko nikiwa mdogo. Nayakumbuka majaruba, nakumbuka mng'ao unaoumiza macho, nakumbuka nyayo zake zilivyopasuka. Kwamba kulikuwa na hesabu ndani yake, hilo sikuwahi kulifikiri.

"Baba, kipimo kinasema ni sawasawa."

"Maji yakipungua humu unafanyaje?"

"Naongeza."

"Maji gani?"

"Ya chumvi. Si ni bahari? Ikipungua bahari unaongeza bahari."

Akaniangalia kwa muda. Baba yangu hana desturi ya kucheka mtu, na afadhali angecheka.

"Jua linakunywa maji matamu," akasema. "Chumvi linaiacha. Hujui hilo, na umekula kwa chumvi hiyo?"

"Hapa hakuna jua, baba. Tazama nje."

Akanyoosha kidevu kuelekea hita ya ukutani, iliyokuwa inawaka usiku na mchana kwa ajili yake na mtoto. "Na lile?"

Nikaenda nikachukua kalamu na bahasha ya bili ya umeme. Tangi ni lita 120, lakini ukitoa mawe na mchanga maji yenyewe hayazidi 100. Tangu niondoe kifuniko, lita moja na kidogo ilikuwa inapaa kila siku, na mimi kila siku naijaza kwa maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita. Gramu 42 kwa siku. Siku 21. Nilikuwa nimemwaga humo karibu kilo nzima ya chumvi ya ziada, kwa mkono wangu, nikiisafirisha kwa kigari cha mtoto. Na dalili ilikuwepo mbele ya macho yangu: ukoko mweupe kwenye ukingo wa kioo na kwenye nyaya za pampu, ambao nilikuwa naufuta kwa kitambaa kila wiki nikijiona msafi.

Kipimo je? Jumamosi nilichukua maji kwenye chupa nikaenda nayo dukani. Walipima kwa refraktomita, unadondosha tone moja unachungulia kwenye mwanga. Sehemu 44 kwa elfu, badala ya 35. Haidromita yangu niliiloweka kwenye siki usiku kucha. Asubuhi gamba jeupe lilikuwa limetoka kwenye ule mkono unaoelea, nao ukapanda juu kabisa ya alama. Chumvi iliyoganda ilikuwa imeutia uzito, ukashindwa kuelea inavyotakiwa. Chumvi yenyewe ndiyo ilikuwa inanificha chumvi.

Pale dukani palikuwa na mabomba mawili. La kulia lilitoa maji yaliyokwisha tiwa chumvi, la kushoto maji yaliyochujwa mpaka hayana kitu, maana ya bomba la London yana chokaa na klorini. Miezi yote ile sikuwahi kuligusa la kushoto. Nilikuwa naliona kama la watu wa samaki wa mtoni.

Baba alitaka niyamwage mengi siku hiyo hiyo nimalize kazi. Hapo nilimpinga, kwa adabu, kwa sababu hilo nilikuwa na uhakika nalo: viumbe hawa wakishushiwa chumvi ghafla maji yanawajaa mwilini, wanaweza kufa kwa haraka kuliko walivyokuwa wanakufa. Akafikiri. Akasema kweli, hata kwenye majaruba mvua ya ghafla ndiyo adui. Tukakubaliana lita tatu na nusu kwa siku, natoa ya tangi naweka matamu, siku sita. Yeye ndiye alikuwa anashika jagi. Alimimina kwa uzi mwembamba mbele ya pampu, mkono hautikisiki, mtoto kwenye paja la kushoto.

Kisha akaomba kalamu ya wino usiofutika. Akachora mstari mmoja pembeni mwa kioo, kwenye usawa wa maji, na kwa hati yake ya madrasa akaandika pembeni yake: *hapa*. "Yakishuka chini ya hapa, matamu. Usiniulize tena."

Zenia haikufungua siku ile wala ya pili. Siku ya tano vichwa viwili vilichanuka, bila kupiga makofi. Konokono mmoja zaidi alikufa. Asubuhi ya safari, mabegi yakiwa mlangoni, baba alipita mbele ya tangi akachovya kidole.

"Bado kidogo," akasema, akajifuta kwenye sweta.

Niliporudi kutoka uwanja wa ndege nikapima, refraktomita nilikuwa nimekwishanunua yangu. 36. Sijui kama kweli ulimi wa mtu unaweza kuona tofauti ya moja, na nina shaka. Nilimimina lita tatu nyingine.

Kufikia Ramadhani zenia ilikuwa imepiga makofi mpaka ikagawanyika, vipande vikatambaa kwenye mawe, mawe yakajaa, vikaanza kupanda kioo. Sasa nilikuwa naibandua kwa wembe na kuwagawia watu, maana zenia ikikubali nyumba haijui kukaa kwake. Doto alikuwa jike. Baba akipiga simu alikuwa anaanza na mjukuu, anakwenda kwa mkwewe, kisha ananiuliza mimi: "Umetia maji?"

"Nimetia."

"Yapi?"

Kioo hicho nakikwangua kila Ijumaa, ndani kwa wembe na nje kwa kitambaa. Pembeni, pale penye mstari, nje sipitishi kitambaa. Wino umefifia, na kwa ndani zenia moja imejishika sawasawa nyuma ya herufi ya kwanza, inafumba na kufumbua.