Vinyonga Wawili, Nyumba Mbili

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari iliyopo Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, na tangu mwezi Februari mwaka huu ninatunza vinyonga wawili nyumbani kwangu kwa ajili ya kufundishia. Kabla ya kumpokea hata mmoja nilikwenda ofisi ya wanyamapori kuomba kibali, kwa sababu chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 mnyamapori ni mali ya umma, awe tembo au kinyonga, na hakuna anayeruhusiwa kumfuga kienyeji. Nalitaja hili mapema kwa kuwa wapo wanaomwokota barabarani na kumpelekea mtoto nyumbani kama zawadi, wasijue kuwa wanavunja sheria na kwamba, mara nyingi, wanampeleka akafe.

Wa kwanza ni dume dogo lenye pembe tatu fupi, ambaye wanafunzi walimpa jina la Pembe. Alipatikana katika milima ya Poroto, mkulima mmoja alipokuwa akifyeka ua wa shamba lake la viazi. Aina hiyo huitwa kitaalamu Trioceros fuelleborni, na makazi yake ya asili ni milima ya huku kwetu. Wa pili ni jike kubwa la aina ya Chamaeleo dilepis, ambayo imeenea sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Huyu alitoka bonde la Usangu, wilayani Mbarali, nasi tukamwita Bibi kwa jinsi alivyonuna siku aliyofika. Kwa gari, safari ya kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine ni ya saa chache tu, lakini mwinuko wa makazi yao hupishana kwa takriban mita 1,000, na makosa yangu mengi ya miezi ya mwanzo yalitokana na kulisahau jambo hilo moja.

Nilianza kwa kuwaweka chumba kimoja, vizimba vikiwa ubavu kwa ubavu nyuma ya dirisha la kioo, nikiamini kwamba nimewapa jua na wenzi wa kutazamana. Ndani ya nusu saa wote wawili walikuwa weusi kama makaa, wamejibana ubavu mmoja ili waonekane wakubwa, na Bibi alikuwa akitoa sauti ya kufoka ambayo sikujua kwamba kinyonga anaweza kuitoa. Kinyonga hapendi kampuni. Kumwona tu mwenzake kwake ni ugomvi usiokwisha. Na lile jua la dirishani halikuwa na faida niliyoidhania, kwa sababu kioo huzuia sehemu ya miale ya urujuanimno ambayo mwili wake huihitaji ili kutengeneza vitamini D3, na kumwachia joto peke yake. Siku hiyohiyo niliwatenganisha, kila mmoja na upande wake wa nyumba. Fundi seremala alinitengenezea vizimba viwili vya fremu ya mbao na wavu wa plastiki, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 120, kwa kuwa mnyama huyu hupanda juu anapotafuta usalama. Ndani nilipachika matawi ya mpera na kuweka miche ya kahawa ndani ya makopo, kisha nikatundika kanga kuukuu pande tatu za kila kizimba.

Wiki ya kwanza sikumshika yeyote, na wanafunzi niliwakatalia kabisa kuja kuwaona, jambo lililonipunguzia umaarufu darasani. Kazi yangu ilikuwa moja tu, nayo ni maji. Kinyonga kwa kawaida hatambui maji yaliyotulia bakulini, na anaweza kufa kwa kiu akiwa amesimama juu yake. Huyajua maji kwa kuyaona yakimetameta na kudondoka kwenye majani. Nilichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaitoboa kitako kwa sindano, nikaining'iniza juu ya kizimba ili itoe tone moja kila baada ya sekunde mbili au tatu. Siku ya kwanza Pembe hakusogea. Siku ya pili, mnamo saa tatu asubuhi, nikiwa nimejificha nyuma ya mlango, nililiona jicho lake moja likizunguka na kulifuata tone lililokuwa likiteleza juu ya jani la mpera. Likafika kwenye ncha ya jani, likaning'inia, naye akainua kichwa polepole, akalisogezea pua, akalilamba. Kisha akabaki hapo kwa dakika ishirini nzima, akitafuna kila tone kana kwamba ni ugali, huku rangi yake ikitoka kwenye weusi na kurudi kwenye kijani.

Tangu hapo nimejifunza kusoma kiu kwenye kinyesi. Kinyesi cha kinyonga kina sehemu nyeusi na sehemu nyeupe, na hiyo nyeupe ndiyo mkojo wake. Ikigeuka kuwa ya manjano iliyokolea au rangi ya chungwa, mnyama hajanywa vya kutosha. Macho yaliyodidimia husema hivyohivyo, ingawa hapo huwa tayari umechelewa. Macho yaliyofumbwa mchana ni habari mbaya zaidi, kwani kinyonga mzima hafumbi macho kukiwa na mwanga.

Katika mwezi Machi, wakati wa mvua, Bibi alianza kukaa kinywa wazi huku akiinua kichwa juu, na nilipomsogezea sikio nilisikia mlio mwembamba kifuani. Daktari wa mifugo niliyempelekea alikiri kwa uungwana kwamba maisha yake yote ametibu ng'ombe na kuku, lakini alijua kichomi anapokisikia, akampima uzito wa gramu 61 kwa mizani ndogo na kumpa dawa kwa kipimo hicho. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nikiwanyunyizia maji wote wawili saa kumi na mbili jioni, kisha usiku wa Uyole unaingia na baridi yake wakiwa wamelowa. Pembe, mzaliwa wa ukungu wa Poroto, hakudhurika. Bibi, mzaliwa wa Usangu, aliugua. Sasa hunyunyizia asubuhi na saa tisa alasiri, ili majani yawe yamekauka kabla jua halijazama.

Lakini lililonitia hofu kuliko yote lilikuwa chakula. Mashauri mengi kuhusu kufuga vinyonga yameandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, ambako maelfu ya vinyonga wetu waliuzwa kabla Serikali haijasitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na watu hao huhangaika zaidi na taa. Sisi jua tunalo la bure. Shida yetu ni kwamba panzi wa huku anaweza kuwa amelala shamba lililopigwa dawa jana. Niliwatuma wanafunzi wawili na wavu, wakaja na kopo la panzi kutoka kingo za mashamba ya viazi, na Pembe akala wanne kwa mfululizo. Kufika jioni alikuwa akitetemeka, miguu yake haikuweza kushika tawi, na ulimi ulitoka nusu ukabaki umening'inia nje ya mdomo. Nilimlaza chini juu ya kitambaa chenye unyevu, nikawa nikimdondoshea maji mdomoni tone kwa tone hadi usiku wa manane. Mwenye shamba, nilipomuuliza, alisema alikuwa amepiga dawa ya wadudu siku iliyotangulia. Siwezi kuthibitisha kwamba hiyo ndiyo iliyomdhuru, lakini sijarudi kwenye shamba lile wala jingine lolote la viazi. Pembe alishika tawi tena siku ya nne.

Baada ya hapo nilianza kufuga nyenje mwenyewe, ndani ya ndoo ya lita 20 yenye trei za mayai za kujifichia, nikiwalisha pumba, karoti na majani ya maboga ya bustanini kwangu. Mdudu aliyeshiba vizuri ndiye anayemlisha kinyonga vizuri, na asiwe mkubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya mlaji. Mke wangu alikuwa amewavumilia vinyonga. Kelele za nyenje usiku ndizo zilizomshinda, na ndoo ikahamia stoo.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa ameniambia siku za mwanzo, "Mwalimu, huyo mdudu akikupulizia utababuka ngozi." Nilimjibu kwa heshima, "Mama, hana sumu hata kidogo," naye akaondoka akitikisa kichwa. Mwezi Aprili alibisha hodi akiwa na panzi watano ndani ya kopo la siagi, waliotoka kwenye mchicha wake ambao haujawahi kuonja dawa. Bado hakubali kumtazama kinyonga usoni, lakini kopo huja kila Jumamosi.

Kinyesi cha wote wawili nilikitazama kwa hadubini ya shule na nikakuta mayai ya minyoo, jambo la kawaida kwa mnyama aliyetoka porini, ila akiwa kizimbani huweza kuzidiwa kwa sababu hawezi kukihama kinyesi chake. Daktari alitoa dawa kwa uzito, mara mbili, na mimi nikaanza kubadilisha magazeti ya sakafuni kila siku.

Mwezi Mei Bibi aliacha kula na kuanza kuzunguka sakafuni usiku na mchana. Tumbo lilikuwa limejaa vijinundu kama njegere. Nilimwekea ndoo ya mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 30, kwa kuwa jike akikosa pa kuchimba huweza kuyazuia mayai tumboni hadi afe. Alichimba kutwa nzima, akaingia mpaka ikabaki ncha ya mkia, na jioni akatoka amekonda, akifukia shimo kwa miguu ya nyuma. Yalikuwa mayai 34. Nashukuru kwamba kwa wiki nyingi kabla nilikuwa nikiwapaka wadudu wake unga wa maganda ya mayai ya kuku, maana kalisiamu yote hiyo ingetoka kwenye mifupa yake. Usiku ule alikunywa kwa karibu saa nzima.

Juni na Julai baridi ilishuka chini ya nyuzi joto 10 alfajiri. Bibi alikuwa ndani, juu ya kizimba chake kukiwa na taa ya wati 40 mchana na blanketi usiku. Jiko la mkaa sikuliingiza kamwe, kwa sababu hewa yake huua watu, sembuse kinyonga. Pembe alibaki barazani, na asubuhi nilimkuta mweusi, ametulia, umande ukiwa umemjaa pembeni mwa pembe, akisubiri jua la saa tatu.

Mayai ya aina ya Bibi huweza kukaa miezi mingi, hata kukaribia mwaka, kabla ya kuanguliwa. Yamo ndani ya kopo lenye mchanga, kabatini karibu na jiko, tarehe ya Mei imeandikwa kwa kalamu juu ya kifuniko. Kila Jumapili nafunua, nagusa mchanga kwa kidole kuona kama bado una unyevu, kisha nafunika.